Apdeti ikikuacha kwenye mataa

Kuna watu wanaachwa na wapenzi wao, kuna watu wanaachwa na daladala ya mwisho ya Mbagala, na siku hizi kuna kundi jipya kabisa: watu wanaoachwa na kompyuta zao. Usicheke. Maumivu ni yale yale. Jioni mmeagana vizuri, mambo yote mswano. Asubuhi unaiwasha, unakuta sura imebadilika, vitufe vimehamishwa, na ile kazi iliyokuwa inaifanya yenyewe huku wewe unakunywa chai na chapati, haiijui tena. Ukiitafuta kona zote huioni. Unachokuta ni maneno matamu tu: "Karibu kwenye toleo jipya."

Wiki hii nataka tuongelee balaa hilo, maana limewakumba wengi na watu wanaona aibu kulisema. Mtu anakosa kazi, anagombana na bosi, anatoa macho kama fundi saa aliyepoteza nati, halafu akiulizwa anasema "nina malaria". Hana malaria wala nini. Ameapdetiwa.

Kwa wale ambao bado hawajaonja, niwafafanulie kidogo. Programu nyingi tunazotumia kwenye simu na kompyuta zina vijimambo vya kufanya kazi zenyewe. Simu inajizima sauti ukiingia ofisini. Meseji inajijibu yenyewe kuwa "nipo kwenye kikao, nitakupigia". Faili la mahesabu linajumlisha, linapanga majina na kutoa ripoti kwa kubonyeza kitufe kimoja tu. Wanaojua mahesabu ya kompyuta wana kitu kinaitwa makro. Hiyo ni orodha ya maagizo unayoifundisha kompyuta mara moja, kisha kila siku inayarudia bila kuchoka, bila kuomba nauli na bila kuuliza mshahara unatoka lini.

Sasa apdeti ni pale wenye programu yao, walioko huko ng'ambo, wanapokuletea toleo jipya. Mara nyingi linakuja usiku, linakula bando lako, na asubuhi lipo. Kwa kawaida linaleta mazuri. Lakini mara moja moja linaondoka na kitu, na kitu chenyewe ndicho kilichokuwa kinakuwekea mkate mezani.

KADI 260, SIKU TATU

Niwape kisa nilichokishuhudia kwa macho yangu. Ilikuwa Novemba 2023, Sinza, kwenye steshenari ambayo mimi huenda kuprinti makala zangu. Pale pana dada mmoja mchapakazi, jina lake nalihifadhi, na kijana wa zamu ya jioni ambaye alikuwa ndiyo kwanza ana miezi minne kazini.

Steshenari ile mkate wake mkubwa ni kadi za harusi. Na si unajua harusi za Dar zilivyo? Kamati inakaa, watu wanaahidi, katibu anaandika, halafu unaanza mbio wa kufuatilia ahadi. Aliyetoa Sh 100,000 na kuendelea anapata kadi ya watu wawili, yaani dabo. Aliyetoa kuanzia Sh 50,000 lakini haikufika laki anapata singo. Aliyeahidi kwa mdomo na hajatoa kitu hapati kadi. Anapigiwa simu.

Walikuwa na programu moja ya kutengenezea kadi, ya kulipia kwa mwezi. Jina lake silitaji, sitaki kesi. Programu hiyo ilikuwa inachukua orodha ya kamati kama ilivyo, jina, ahadi na kilicholipwa, halafu inapanga yenyewe nani dabo, nani singo, nani hapati. Inaandika majina kwenye kadi na kuprinti. Kadi 200 kwa dakika kumi. Watu walikuwa wanaimba na kuprinti.

Jumatano asubuhi wakafungua, kitufe hakipo. Toleo jipya limeingia usiku, na kazi ya kujaza majina kutoka kwenye orodha imeondolewa. Unaweza kutengeneza kadi nzuri kuliko zamani, ina maua, ina dhahabu, lakini jina unaandika wewe kwa mkono, kadi moja moja. Na mezani kuna kazi ya kamati moja, kadi 260, zinatakiwa Ijumaa jioni. Harusi ni wiki inayofuata.

Siku hiyo dada alikuwa ameomba ruhusa ya msiba. Kijana wa watu akaona asiwe mnyonge. Akakaa kuanzia saa 10 jioni mpaka saa 5 usiku, akachapa jina baada ya jina kufuata orodha. Alipofunga duka alikuwa amemaliza kadi 90. Mimi ningempa soda.

Alhamisi asubuhi mama katibu wa kamati akapita kuchungulia kazi inavyoendelea. Akachukua fungu la kadi, akaanza kuzipitia moja moja. Ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tano akavua miwani.

"Mwanangu," alimwambia dada, "huyu bwana alituahidi laki mbili tangu mwezi wa saba. Mpaka leo hajatoa hata senti tano. Na nyie mmempa dabo! Aje na nani, na kivuli chake?"

Ikawa kasheshe. Wakahesabu. Katika kadi 90, kadi 17 zilikuwa za watu wasiolipa hata shilingi, na kadi sita za waliolipa laki moja zilikuwa zimeandikwa singo. Jumla kadi 23 za kutupa. Kadi moja ni Sh 1,500, piga mwenyewe hesabu: Sh 34,500 imeingia mitini. Bosi akaja, akasikiliza, akasema hela hiyo itakatwa kwenye mshahara wa kijana. Kijana alikuwa amesimama kwenye mashine ya fotokopi, kimya, anakunja na kukunjua karatasi.

Hapo ndipo dada aliponifurahisha. Akasema, "Bosi, naomba usimkate. Huyu mtoto tulimfundisha kubonyeza. Nani alimwambia kuwa ahadi si malipo?"

Bosi akakuna kichwa. Maana kweli, hakuna aliyewahi kumwambia. Kwa nini aambiwe, wakati programu ilikuwa inajua? Mwisho wakaelewana, kijana akatwe nusu na nusu nyingine ibebwe na duka. Si haki sana ukiniuliza mimi, lakini kwa mabosi wa mjini hapa ile ni huruma kubwa.

Sasa kadi. Dada alikuwa amefanya kazi pale tangu enzi za daftari na rula, kabla ya hiyo programu kununuliwa. Sheria ya laki na hamsini alikuwa nayo kichwani. Akafungua ile orodha kwenye Excel, na kwenye safu tupu pembeni ya malipo akaandika fomula moja fupi:

=IF(C2>=100000,"DABO",IF(C2>=50000,"SINGO","BADO"))

Kwa Kiswahili cha mtaani maana yake hivi: aliyelipa laki au zaidi mwandikie dabo, aliyelipa hamsini au zaidi mwandikie singo, aliyebaki mwandikie bado. Akaivuta fomula hiyo mpaka chini, majina yote yakajigawa kwa sekunde. Wale wa "bado" akawahamishia kwenye ukurasa wao. Kisha akafungua Word, akatengeneza kadi ya kawaida isiyo na maua mengi, akaiunganisha na orodha kupitia sehemu ya Mailings. Hii ni kazi ya zamani kabisa ya Word: unaandika barua moja, unaionyesha orodha ilipo, nayo inatoa barua mia kila moja na jina lake.

Kazi iliyokuwa inachukua dakika kumi ilichukua saa tatu. Lakini ilikwisha, na Ijumaa saa 6 mchana kadi zilikuwa kwenye boksi. Tena mama katibu alipopewa ule ukurasa wa "bado" alifurahi kuliko alivyofurahia kadi zenyewe. "Hii ndiyo orodha ninayoitafuta siku zote," alisema, akatoa simu pale pale akaanza kupiga. Ile programu ya kulipia miaka yote haikuwahi kumpa orodha ya wadaiwa.

Mpenzi msomaji, hebu tuwatazame hawa wawili. Kijana alikuwa anajua kitufe, dada alikuwa anajua kazi. Kitufe kilipoondoka, kijana alibaki mikono mitupu ingawa alijituma mpaka usiku, na dada alibaki na kazi yake. Wahenga walishasema zamani kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Kitufe kilichoko kwenye programu ya mtu ni nguo ya kuazima. Siku mwenyewe akiitaka, anaivua ukiwa katikati ya watu.

SI DAR PEKE YAKE

Usidhani ni sisi tu tunaoonewa. Wenzetu wa majuu nao yamewakuta, tena kwa makampuni makubwa yenye majina.

Kisa cha kwanza ni cha Januari 2008, Microsoft ilipotoa Office 2008 kwa ajili ya kompyuta za Mac. Watu wakafungua, wakakuta makro za Visual Basic hazifanyi kazi. Maofisi yaliyokuwa na mafaili ya miaka na miaka, yenye makro zilizoandikwa na watu ambao pengine walishaacha kazi, yakajikuta hewani. Sababu iliyotolewa ni kwamba Apple ilikuwa imebadilisha aina ya vichwa vya kompyuta zake kuanzia 2006, ikahamia Intel, na kuandika upya ile sehemu ya makro ilikuwa kazi kubwa mno. Watu wakapiga kelele, si mchezo. Mei 2008 kampuni ikatangaza kuwa makro zitarudishwa kwenye toleo linalofuata, na kweli zikarudi na Office 2011, iliyoingia sokoni Oktoba 2010. Lakini hebu hesabu: kati ya Januari 2008 na Oktoba 2010 ni karibu miaka mitatu. Mtu mwenye kazi ya kukabidhi Ijumaa hawezi kungoja miaka mitatu.

Kisa cha pili kinatuhusu sisi wa simu. Oktoba 2018 Google ilitangaza masharti mapya: programu za Android zilizoko kwenye duka lake zisiruhusiwe kusoma meseji na orodha ya simu za mtu, isipokuwa chache zenye sababu ya msingi, kama ile unayoitumia yenyewe kwa kutumia meseji. Mwanzoni mwa 2019 masharti yakaanza kukaza. Vijiprogramu vya watu vilivyokuwa vinajibu meseji vyenyewe, au vinahamisha meseji kwenda kwingine, vikakatwa miguu. Programu za kuendesha kazi za simu zikaja kupewa nafasi ya kuombewa ruhusa, lakini vijiprogramu vingi vidogo vilikuwa vimeshakata tamaa.

Na mwaka huo huo wa 2019 ikaja Android 10, ambayo iliziondolea programu mpya uwezo wa kuwasha na kuzima Wi-Fi zenyewe. Ule mchezo wa simu kujizimia Wi-Fi ukitoka nyumbani ukaishia hapo kwa wengi.

Kisa cha tatu ni cha Google tena. Januari 2024 Google ilitangaza kumwondolea yule msaidizi wake wa kuongea naye, Google Assistant, mambo 17 kwa mpigo. Miongoni mwake ni kutuma barua pepe kwa kuongea na kuiamuru isome vitabu vya sauti. Maelezo yalikuwa kwamba mambo hayo hayatumiwi na watu wengi. Sasa kama wewe ni mmoja wa wale wachache wanaoyatumia, basi pole yako.

KWA NINI WANATUFANYIA HIVI?

Kijiweni kwetu jibu ni moja: "Wanatuonea, wanataka hela." Hela ipo, sikatai. Kuna programu zinaondoa kitu cha bure halafu wiki mbili baadaye unakikuta kwenye daraja la kulipia. Lakini tukiwa wakweli, sababu si hiyo peke yake.

Sababu kubwa ni usalama. Makro ni mtumishi anayetii kila amri, na mtumishi wa namna hiyo akiagizwa na mwizi, anaiba. Machi 1999 kirusi kilichoitwa Melissa kilijificha kwenye faili la Word. Ukilifungua, kinachukua anwani 50 za kwanza kwenye kitabu chako cha barua pepe na kujituma huko, na kila atakayefungua naye anatuma kwa 50 wengine. Makampuni yakalazimika kuzima mitambo ya barua pepe. Aliyekitengeneza, Mmarekani David L. Smith, alihukumiwa mwaka 2002 kifungo cha miezi 20.

Mchezo huo uliendelea miaka mingi. Ndiyo maana Februari 2022 Microsoft ikatangaza kuwa faili lenye makro lililotoka kwenye intaneti litafungiwa makro zake moja kwa moja. Zamani ulikuwa unaona mstari wa njano na kitufe cha kuruhusu. Sasa unaona mstari mwekundu, na kitufe hakuna. Watumiaji wakalalamika, Julai 2022 wakarudi nyuma kidogo, na kabla mwezi haujaisha wakaendelea na mpango wao.

Kama mstari huo mwekundu umekukuta kazini, na faili unalijua, ni la ofisi yenu na aliyekutumia unamfahamu, dawa yake ni ndogo. Funga faili. Libofye kwa kitufe cha kulia cha mausi pale lilipohifadhiwa, fungua Properties, chini kabisa weka alama kwenye Unblock, kisha kubali. Lakini narudia: faili unalolijua. Kama limekuja kutoka kwa "afisa wa bahati nasibu" aliyekwambia umeshinda gari, liache na mstari wake mwekundu.

Sababu ya mwisho ni ya kibinadamu tu. Kila kitufe kina mtu anayelipwa kukitunza. Watumiaji wakiwa wachache, mabosi wanaona ni gharama. Na programu inapoandikwa upya kuanzia msingi, kama nyumba inayobomolewa, kuna vyumba vinasahaulika kwenye ramani mpya.

USIAPE KUTOAPDETI

Najua kuna mtu anasoma hapa huku anatikisa kichwa: "Basi mimi naapa, siapdeti tena kitu maisha yangu." Subiri kwanza, mshikaji.

Mei 2017 dunia ilipigwa na kirusi kilichoitwa WannaCry. Kilikuwa kinafunga mafaili yako yote na kudai fidia kama mtekaji nyara. Kiliingia kwenye nchi zaidi ya 150, na Uingereza hospitali zilifikia hatua ya kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Uchungu wake ni kwamba dawa ilikuwepo. Microsoft ilikuwa imetoa apdeti ya kuziba tundu lile Machi 2017, miezi miwili kabla. Waliopigwa sana ni wale ambao hawakuiweka.

Kwa hiyo kukataa apdeti zote ni sawa na kukataa kufunga mlango kwa sababu kitasa kipya hukipendi. Mlango funga. La kujifunza ni lini na vipi.

UFANYEJE SASA?

Haya ninayoyasema nimeyakusanya kwa mafundi, kwa dada wa steshenari na kwa mahangaiko ya mjini. Yachukue yanayokufaa.

Kwanza, usiruhusu apdeti kubwa siku ya kazi nzito. Mhasibu haapdeti mwisho wa mwezi, na mwenye steshenari haapdeti kadi zikiwa mezani. Windows inakuruhusu kusimamisha apdeti kwa wiki kadhaa, na Play Store unaweza kuiambia isiapdeti programu zenyewe zenyewe: bonyeza picha yako, ingia kwenye mipangilio, utaona. Ukishamaliza kazi yako, fungua, ziingie. Bando lako nalo litakushukuru.

Pili, kila kazi inayojifanya yenyewe iandike kwenye karatasi kwa lugha ya kawaida. Si lazima ujue kompyuta. Andika tu: "Kinaingia nini, inafanya nini, kinatoka nini." Dada wa steshenari siku hizi amebandika ukutani: laki dabo, hamsini singo, ahadi si malipo. Mistari mitatu tu, na hata mgeni aliyeanza kazi jana akiisoma hawezi kukutilia hasara. Mimi mwenyewe nina vifupisho vyangu kama 40 vya kuandikia kwenye simu, nikiandika "mpz" inatoka "mpenzi msomaji". Vyote nimeviorodhesha nyuma ya daftari langu la kidato cha nne. Daftari hilo hakuna wa kuliapdeti.

Tatu, mara moja kwa mwezi ifanye kazi hiyo kwa mkono, hata kama ni sehemu ndogo tu. Chukua majina kumi, yapange mwenyewe, halafu linganisha na ya mashine. Utajua kama bado unaikumbuka, na utajua pia kama mashine yenyewe bado ina akili timamu.

Nne, kitufe kikiondoka, usikimbilie kutafuta kinachofanana nacho. Jiulize kilikuwa kinafanya vitu vingapi. Cha kadi kilikuwa kinafanya vitatu: kugawa watu, kuandika majina na kuprinti. Vitu vitatu hivyo vyote vilikuwemo kwenye Excel na Word ambazo duka lilikuwa nazo siku zote. Ndipo penye ule msemo wa usiache mbachao kwa msala upitao. Fomula za kawaida na barua za orodha ni mbachao. Zimekaa miaka mingi na zipo.

Tano, toleo la zamani lisikutie tamaa ukauziwa kwenye fleshi na mtu wa barabarani. "Braza, ninalo la zamani, linakubali kila kitu." Linakubali kila kitu kweli, hata virusi. Kama unalitaka la zamani, waulize wenye programu yao, wapo wanaolitoa wenyewe kwa njia halali.

Sita, lalamika. Watanzania tuna tabia ya kununa kimya kimya. Programu nyingi zina sehemu ya kutuma maoni, na maoni yanasomwa. Makro za Mac zilirudi kwa sababu watu walipiga kelele. Andika kwa ustaarabu, eleza kazi gani imekwama na inakugharimu nini. Usitukane tu halafu ukaondoka.

Na saba, hii ni kwa mabosi. Mkimwajiri kijana, msimfundishe kubonyeza peke yake. Mkalisheni nusu saa, mwambieni kazi yenyewe inakwendaje na kwa nini. Nusu saa hiyo ni bei rahisi kuliko kadi 23. Na siku mashine ikibadilika tabia, kabla ya kushika kalamu kumkata mtu mshahara, muulizeni kwanza alifundishwa nini.

Kwa leo kurasa zimeniishia. Wewe uliyeachwa na kompyuta yako wiki hii, futa machozi, tafuta kalamu na karatasi, andika kazi yako ilivyokuwa inakwenda. Utashangaa jinsi unavyoijua. Na kama na wewe una kisa chako cha kuapdetiwa, niletee kijiweni tukicheke pamoja. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.